Uwekezaji wa athari ulifika Awendo kabla ya jina lake

Semista hii nasoma yuniti inayoitwa fedha endelevu na uwekezaji wa athari. Jina refu, najua. Nilipomtumia rafiki yangu wa Mombasa hilo jina kwa Kiswahili, alinijibu na emoji tano za kucheka halafu akauliza: "Athari? Kwani mnaweka pesa ndiyo watu waumie?"

Nilicheka, lakini lile swali likakaa. Kwa sababu yuko sawa. Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema athari za mafuriko, athari za dawa, athari za vita. Ukisikia athari hukimbilii kupiga makofi. Lazima kwanza uulize ni athari gani, na imempata nani. Darasani hatuulizi sana. Tunaandika neno, tunaweka jedwali, tunasonga.

Slaidi ya kwanza ya yuniti inasema jina hilo lilizaliwa 2007, kwenye mkutano ulioitishwa na Rockefeller Foundation katika kituo chao cha Bellagio, kando ya Ziwa Como, Italia. Miaka miwili baadaye ukaundwa mtandao wa wawekezaji hao, GIIN. Maana yenyewe si ngumu: unaweka pesa mahali ukitaka irudi na faida, na papo hapo unakusudia ilete mabadiliko mazuri kwa watu au mazingira, halafu unapima yote mawili. Kwa hivyo si msaada, maana pesa inarudi. Na si biashara ya kawaida, maana umejifunga kupima kitu kingine mbali na faida.

Mimi ni wa Awendo. Niliangalia ile slaidi nikajiambia: wasee, hii kitu si nimekua nikiiona ikitoa moshi? Kiwanda cha sukari cha SONY kilijengwa na pesa ambayo ilitakiwa irudi na pia ibadilishe maisha ya South Nyanza nzima. Kama huo si uwekezaji wa athari, basi sijui tunasoma nini. Kwa hivyo hapa naisimulia upya historia ya hiyo kozi, ila naanzia ziwa letu badala ya Ziwa Como.

Tuanze 1947. Jaramogi Oginga Odinga, wakati huo akiwa mwalimu, alikuwa amechoka kuona Waluo wakiuza jasho lao kwa watu wengine na kununua kila kitu kutoka kwa maduka ya watu wengine. Benki haikuwa inamtazama Mwafrika, na kulikuwa na sheria ya kikoloni iliyoweka kikomo cha mkopo ambao Mwafrika angeweza kupewa na mfanyabiashara. Basi akaanza na akiba za watu wachache, na mwaka huo ikasajiliwa Luo Thrift and Trading Corporation. Akauza hisa. Akazunguka kuwatafuta Waluo walikokuwa wakifanya kazi, mijini na nje ya Kenya, akiwaomba waweke kidogo walicho nacho. Kampuni ikajenga maduka Maseno, na ikawa na mtambo wa kuchapa Nairobi, Ramogi Press, uliochapisha magazeti ya lugha za Kiafrika.

Huyu jamaa alikuwa anatafuta faida? Ndiyo. Lakini lengo kubwa lilikuwa kuonyesha kwamba watu weusi wanaweza kuunganisha pesa na kuendesha kampuni bila kushikwa mkono. Faida na lengo, yote kwenye katiba moja. Na kuna kitu ambacho hata leo sikioni sana kwenye slaidi zetu: waliotoa pesa na waliotakiwa kunufaika walikuwa watu wale wale. Ukiona duka haliendi vizuri, ulikuwa na haki ya kwenda mkutanoni kumuuliza Jaramogi usoni. Biashara haikugeuka dola, na 1957 yeye mwenyewe akaingia Baraza la Kutunga Sheria, siasa ikammeza. Lakini hilo la kuuliza usoni, likumbuke. Nitalirudia.

Mwaka uliofuata, 1948, Waingereza wakaunda shirika lao: Colonial Development Corporation. Baadaye neno la ukoloni likatolewa likawekwa la Jumuiya ya Madola, herufi zikabaki CDC. Tangu 2022 linaitwa British International Investment, na kwenye darasa letu linatajwa kama mmoja wa wazee wa uwekezaji wa athari duniani. Kazi lililopewa ilikuwa kufanya mema makoloni bila kupoteza pesa. Soma tena hiyo sentensi. Ni kama imetoka Bellagio, ila ina miaka karibu sitini zaidi.

Kwa haki, CDC walikuwa makini kuliko jirani yao. Wakati huo huo, serikali ya Uingereza ilikuwa inamwaga pesa Kongwa, Tanganyika, kwenye mradi wa karanga ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Udongo ulikuwa mgumu, mvua haikutosha, mashine zikavunjika. Wagogo walioishi hapo wangeweza kuwaambia mapema, lakini nani alikuwa anawauliza.

CDC wakashika mtindo mwingine ambao ndio uliofika kwetu: kiwanda katikati, shamba kuu la kiwanda kukizunguka, halafu maelfu ya wakulima wadogo wanaopanda kwenye mashamba yao wenyewe na kuuzia kiwanda hicho. Huko Mumias, serikali ya Kenya iliingia na CDC na kampuni ya Booker McConnell ya Uingereza, na sukari ikaanza kutoka 1973. Kwa miaka mingi Mumias ilisifiwa kama dawa ya umaskini wa kijijini.

Sasa tuje nyumbani, ila lazima tupitie kwanza karatasi moja ya 1965. Inaitwa Sessional Paper nambari 10, kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika. Wizara ya mipango ilikuwa chini ya Tom Mboya, mtu wa Rusinga. Ndani yake kuna aya moja inayosema, kwa ufupi, kwamba pesa ya maendeleo iende mahali itakapozalisha zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, na watu walio tayari. Kwingine kutafaidika baadaye. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hesabu ya faida inaweza kuchora ramani ya nchi. Kama mtaa wenu ulipata lami 1970 na kwetu ikaja miaka mingi baadaye, kuna hesabu ilifanywa na mtu.

Mwaka huo huo kijana mwingine wa pande hizi, aliyezaliwa Kanyadhiang, akaandika makala kwenye jarida la East Africa Journal akiipinga ile karatasi. Alikuwa mwanauchumi, jina Barack Obama. Ndiyo, yule mzee, baba yake. Alichokuwa anasumbuka nacho ni umiliki: uchumi ukue sawa, lakini ni nani atakayekuwa mwenye nao? Alitaka koo na vyama vya ushirika viangaliwe badala ya kukimbilia hatimiliki za mtu mmoja mmoja. Hakusikilizwa sana. Makala yake ilikuja kusomwa na watu wengi zaidi ya miaka arobaini baadaye, mtoto wake alipogombea urais Marekani, na wengi walikuwa wanatafuta ya kumchafulia mtoto.

Basi, viwanda vikafuatana. Miwani ilikuwepo tangu 1922. Baada ya uhuru ikaja Muhoroni 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973, Nzoia 1978. South Nyanza, wilaya kubwa iliyobeba Migori na Homa Bay zote, haikuwa na chake. Kampuni ya South Nyanza Sugar ikaundwa 1976, na kiwanda kikaanza kusaga 1979. Serikali ilichukua ardhi ya Sakwa kwa ajili ya kiwanda na shamba lake kuu, familia zikahama, na mabishano kuhusu ile ardhi hayajaisha hadi miaka yetu hii.

Sitaki mtu aseme nimekuja kukanyaga kiwanda. Awendo bila SONY ingekuwa kituo tu cha barabara ya kutoka Kisii kwenda Isebania, mahali matatu inashusha abiria wawili na kuondoka. Kiwanda kilileta mishahara, nyumba, shule, maduka, mafundi wa matrekta, akina mama wa chakula nje ya geti. Na kilileta timu. SoNy Sugar FC ilichukua Ligi Kuu ya Kenya 2006, ikiwaacha nyuma Gor na AFC na wale wa Nairobi wote. Mimi nilikuwa mdogo sana kukumbuka, lakini nimelelewa na watu wanaoizungumzia kama harusi. Mwaka 2019 timu hiyo ikafukuzwa ligi baada ya kukosa kufika mechi tatu, pesa zikiwa shida. Kwenye fomu za kupima athari tulizopewa darasani hakuna mstari wa kuandika furaha ya mji mzima siku moja ya 2006. Pia hakuna mstari wa kuandika ilivyoondoka. Sawa, tuendelee.

Muwa. Watu wa mjini mnaujua wa kutafuna stendi, umekatwakatwa kwenye karatasi. Niwaeleze wa kiwanda, tunaoita niang', kwa sababu hapa ndipo siri yote ilipo.

Muwa upande wetu unachukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kukomaa. Ukikatwa, kisiki kinachipuka tena, unapata zao la pili, halafu la tatu. Maana yake ukisaini mkataba, shamba lako limefungwa miaka mitano au zaidi. Mbegu, mbolea na kulimiwa unaweza kupewa na kiwanda kwa mkopo. Kukata na kubeba pia vina gharama. Vyote hivyo vinakatwa kwenye malipo yako kabla hujaona shilingi. Muwa ukikomaa usipokatwa, unazeeka shambani na sukari inapungua. Ukikatwa usipobebwa haraka, ndani ya siku chache uzito na utamu vinashuka, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyopungua kwenye mizani. Kwa hiyo mkulima amebeba ardhi, mvua, moto, deni na muda. Tarehe ya kukata iko mkononi mwa mtu mwingine. Hata mizani iko kwa mtu mwingine.

Darasani tunafundishwa kwamba mwekezaji makini huwa na mlango wa kutokea: anajua ataondoka lini na vipi. Nikawaza, mwenye ekari moja Sakwa mlango wake uko wapi? Hawezi kuuza muwa wa miezi kumi. Mlango pekee ni kuuza muwa kimagendo kwa kiwanda kingine au kwa wale wa sukari nguru, na hapo anaitwa mwizi wa muwa aliopanda mwenyewe.

Basi nikataka kuona kama kuna mtu amewahi kupima athari ya SONY kutoka upande wa hiyo ekari moja. Nilitafuta ripoti. Nilichokipata kizuri zaidi hakikuwa ripoti. Ni mafaili ya korti.

Jaribu mwenyewe. Ingia kwenye tovuti ya Kenya Law, andika jina la South Nyanza Sugar. Zinashuka hukumu juu ya hukumu, nyingi za Mahakama Kuu za Kisii na Migori. Zinafanana hadi unaanza kuzitambua kama nyimbo. Mkulima anasema: tulisaini mkataba, nikapanda, muwa ukakomaa, kampuni haikuja kukata, ukaharibika. Naomba nilipwe zao la kwanza na machipukizi mawili. Kampuni inajibu: hakututunzia muwa, au mazao anayodai ni mengi mno, au amechelewa kushtaki, maana kesi ya mkataba ina kikomo cha miaka sita. Halafu jaji anaanza hesabu. Shamba lilikuwa na ukubwa gani. Eneo hilo, kulingana na watafiti wa sukari, hutoa tani ngapi kwa hekta. Bei ya tani mwaka ule ilikuwa ngapi. Toa gharama ya kukata na kubeba ambayo mkulima angelipa hata hivyo.

Nilisoma kadhaa usiku mmoja kwenye bedsita yangu hadi chaji ikaisha. Mashamba yenyewe ni madogo, mengi hayafiki hekta moja. Wengine walishinda, wengine walishindwa. Sisemi kila mkulima alikuwa mkweli au kila dai lilikuwa safi. Majaji wenyewe waliyatupa mengine. Ninachosema ni kwamba hapo ndipo mahali pekee nilipoona ekari ya mkulima mdogo ikipimwa kwa makini, mwaka kwa mwaka, tani kwa tani, na kila upande ukiulizwa maswali. Na ilibidi mtu aajiri wakili ndiyo hesabu ifanywe. Kwa Jaramogi ungeenda tu mkutanoni.

Mtu ataniambia: dawa si kuwauzia wakulima hisa? Mumias walifanya hivyo. Kampuni iliingia Soko la Hisa la Nairobi 2001, wakulima na wananchi wa kawaida wakanunua. Septemba 2019 benki iliyokuwa inaidai ikaiweka chini ya mrasimu. Hisa bila uwezo wa kuuliza maswali ni karatasi tu, na wenye hisa wadogo wa Mumias wanaweza kukuonyesha karatasi zenyewe.

Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne kwa kampuni za kibinafsi kwa miaka 30. Nzoia ikaenda kwa West Kenya, Chemelil kwa Kibos, Muhoroni kwa West Valley, na SONY ikaenda kwa Busia Sugar Industry. Mimi nina miaka 22. Mkataba huo ukiisha nitakuwa nimepita 50. Ujana wangu wote na watoto wangu, kama Mungu atanipa, watakuwa ndani ya huo mkataba. Inawezekana kabisa kazi ikawa nzuri. Serikali kama mwenye kiwanda haikuwa imetuonyesha maajabu miaka ya mwisho, kwa hiyo sina machozi ya kumlilia.

Ila najua lugha itakayokuja. Kenya tayari imejaa hiyo lugha. Benki zina kanuni zao za fedha endelevu tangu 2015, soko la hisa lina mwongozo wake wa 2021 wa kampuni kutoa taarifa za mazingira, jamii na uongozi. Bondi ya kijani ya kwanza nchini, ya Acorn, bilioni 4.3, iliorodheshwa Nairobi Januari 2020 na ikajenga hosteli za wanafunzi. Huo ndio mfano tunaopewa kila mtihani. Makapi ya muwa yanaweza kuzalisha umeme, kwa hiyo siku moja mtu atakuja na bondi ya kijani ya sukari, nina hakika. Kutakuwa na kurasa za rangi, na picha ya mama akitabasamu mbele ya muwa. Tani za kaboni zitahesabiwa vizuri sana. Siku ambazo muwa wa yule mama ulikaa chini ukisubiri trekta, je?

Yule mama kwangu ana sura. Baada ya habari za kukodisha kutoka, Mama alinipigia. "Nyathina, wewe ndiye unasoma mambo ya pesa. Ile ekari ya chini nirudishe niang' ama niache na mahindi?"

Nilifungua laptopu nikafanya hesabu tuliyofundishwa, ile ya kuleta pesa ya kesho kwenye thamani ya leo. Inataka ujue pesa itakuja lini. Nikakwama hapo hapo. Nikamuuliza Mama, wewe ungetaka nini kwenye huo mkataba ndiyo ukubali? Hakufikiria hata dakika. Tarehe ya kukata iandikwe, na ikipita alipwe kwa kila wiki. Asimame kwenye mizani aisome mwenyewe, au mtu wake. Tarehe ya pesa iandikwe pia.

Nimeziweka hizo tatu kama vipimo vya athari kwenye karatasi yangu ya mwisho wa semista, na chini yake nikaweka zile hukumu za Kisii na Migori kama data. Mhadhiri amerudisha rasimu na alama ya kuuliza pembeni: hivi vipimo vimetoka mfumo upi? Bado sijamjibu. Mama naye amepanda mahindi kwanza msimu huu. Nimemwambia akiletewa karatasi yoyote ya miwa asisaini hadi nifike Disemba tuisome pamoja, na amesema ataingoja, ila nisichelewe, kwa sababu majirani wawili tayari wamelimiwa.